Asifunikwe Majeruhi Kabla ya Yakini



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wapenzi, mazungumzo ya wiki hii yametokana na suala lililoletwa na mama mmoja baada ya darsa ya alasiri ya akina mama. Alieleza kwamba pikipiki ya bodaboda iligongana na gari mbele ya nyumba yake. Abiria, kijana asiyemjua, alikuwa akitokwa na damu nyingi pajani. Mama huyo alikuwa na leso mkononi, akataka kumfunga nayo, lakini akasita, kwani kijana si maharimu wake, na wanaume waliokuwapo walimwambia akae kando. Watu wakasimama wakitazama, wengine simu mkononi, mpaka kijana akatulia kimya. Hapo mmoja akasema, "Ameshakwisha," na leso ile ile ikachukuliwa akafunikwa uso. Gari lilipopatikana na kufika hospitali, daktari alisema kijana amefariki.

Mama akauliza mambo mawili. Je, angepata dhambi lau angemgusa? Na je, anayo dhambi kwa kuwa hakumgusa?

Suala hili si la mama mmoja. Barabara zetu, kuanzia Likoni hadi Malindi, zinatuletea majeruhi milangoni, na minazi yetu haijaacha kuangusha wakwezi. Yeyote miongoni mwetu aweza kuwa mtu wa kwanza kufika. Wanachuoni husema kwamba kukihukumu kitu kunatanguliwa na kukifahamu. Basi kabla ya kusema halali na haramu, natufahamu kwanza ni nini kinachompata mtu anapoumia sana hata moyo wake ukasimama.

Moyo mzima uliokosa kitu cha kusukuma

Tukisikia kwamba moyo wa mtu umesimama, wengi wetu fikira zetu huenda kwenye maradhi ya moyo. Kwa mzee mwenye maradhi hayo ni kweli. Aghalabu kasoro imo ndani ya moyo wenyewe, kwa mshipa kuziba au mapigo kuvurugika. Lakini aliyegongwa na gari, aliyeanguka mnazini au aliyechomwa kisu, mara nyingi moyo wake ni mzima. Umesimama kwa sababu umenyimwa kile unachokihitaji ili uende. Mfano wake ni pampu ya kisima. Pampu yaweza kuwa mpya kabisa, lakini kisima kikikauka itazunguka bure hadi isimame. Hata ukiishughulikia pampu mchana kutwa, maji hayatapanda mpaka kisima kirudi maji.

Madaktari wametaja sababu kubwa nne zinazousimamisha moyo wa majeruhi na ambazo huweza kuondolewa.

Ya kwanza ni kupoteza damu. Mtu mzima ana damu ya kiasi cha lita 5. Akipoteza kiasi cha lita 2, uhai wake umo hatarini, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika huweza kumwaga kiasi hicho kwa dakika chache tu. Wala si kila damu inayomwagika huonekana. Mfupa wa paja ukivunjika pasi na jeraha la nje, nyama ya paja yaweza kumeza lita 1 au zaidi, na damu ya tumboni na ya nyonga hukusanyika ndani bila ya tone moja kuonekana.

Ya pili ni kukosa pumzi. Aliyezimia akilala chali, ulimi wake hurudi nyuma ukaziba koo, na pengine koo hujaa damu, matapishi au meno yaliyovunjika. Ubongo unaokosa hewa safi huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi.

Ya tatu ni hewa iliyofungika kifuani. Pafu likitoboka, hewa huvuja ndani ya kifua na isipate pa kutokea. Kila pumzi huiongeza, mpaka hewa hiyo ikalibana pafu na kuusonga moyo usiweze kujaa damu.

Ya nne ni damu iliyouzunguka moyo. Moyo umo ndani ya mfuko wa utando. Ukichomwa au ukipondeka, damu hujaa baina yake na utando huo, na moyo hukosa nafasi ya kutanuka.

Kwa muda mrefu matabibu wengi waliamini kwamba aliyefikia hali hii hana tena matumaini. Hatutaki kumdanganya msomaji, kwani mpaka leo wanaopona ni wachache, na katika taarifa nyingi hawafiki 10 kwa kila 100. Lakini wachache hao wapo, nao ni wale ambao sababu iliyousimamisha moyo wao ilijulikana na kuondolewa upesi. Mwaka 1896, katika mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, tabibu Ludwig Rehn aliushona moyo wa kijana aliyechomwa kisu, naye akapona, zama ambazo mabingwa wa upasuaji walikuwa wakiona kwamba moyo haufai kuguswa. Mwaka 1960, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, William Kouwenhoven, aliyekuwa mhandisi wa umeme, pamoja na daktari James Jude na mhandisi mwenzake Guy Knickerbocker, walionyesha kwamba kukandamiza kifua kwa mikono, bila ya kukipasua, kunaweza kuisukuma damu mwilini. Elimu hiyo ndiyo inayofundishwa leo duniani kote.

Hata hivyo, miongozo ya matabibu wa Ulaya iliyotolewa mwaka 2015 na kukaririwa mwaka 2021 inasisitiza kwamba kwa majeruhi, kuziondoa zile sababu nne hutangulia kukandamiza kifua. Ni ile habari ya pampu na kisima. Ndiyo maana katika chumba cha dharura utamwona daktari akiizuia damu na kuirejesha kwa kumwongezea mgonjwa damu ya mwenzake. Akifungua njia ya pumzi. Akitoboa ubavu ili hewa iliyofungika itoke. Na pengine, ikiwa zimepita dakika chache tu tangu moyo usimame, akikipasua kifua ili kuutoa moyo katika kifungo chake. Ipo pia dawa ya kuisaidia damu kuganda, iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010, uliowahusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo ikitolewa mapema, ndani ya saa 3 tangu mtu aumie.

Hapa inafaa tulisimamie neno moja. Baadhi ya watu huiita kazi hii "kufufua", na msikiaji huingiwa na wasiwasi, kwa kuwa kufufua wafu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Wasiwasi huo hauna mahali. Ambaye moyo wake umesimama kwa dakika moja au mbili bado hajahukumiwa kuwa maiti. Yuko mpakani, na anayemshughulikia hafufui mfu. Anamzuia aliye hai asivuke. Roho i mikononi mwa Mola wake, na sisi tumeamrishwa kushika sababu.

Kazi iliyo mikononi mwa aliyepo

Katika sababu hizo nne, mbili za mwisho ni kazi ya daktari. Mbili za mwanzo, damu na pumzi, zimo mikononi mwa yeyote aliyepo, awe mama wa nyumbani, kijana wa madrasa au dereva wa tuktuk. Na kwa kuwa daktari hayuko barabarani, na visiwani Lamu safari ya hospitali huenda ikawa ya mashua, kinachofanywa na aliyepo katika dakika za mwanzo ndicho aghalabu kinachoamua kama daktari atamkuta mgonjwa au maiti. Ni bora moyo uzuiwe usisimame kuliko kuhangaika nao ukishasimama. Haya ndiyo mafunzo yanayotolewa na watu wa huduma ya kwanza.

Kwanza, jikinge wewe. Magari yasimamishwe, na ikiwa ni umeme ukatwe kabla ya mtu kuguswa. Mmoja apige simu 999 au 112, na mwingine atafute gari hapo hapo. Ukipata glavu zivae. Ukizikosa, hata mfuko safi wa plastiki mkononi ni kinga dhidi ya maradhi.

Pili, tazama damu. Inapotoka kwa nguvu, kunja leso, mtandio au shuka, uweke juu ya jeraha na ukandamize kwa mikono miwili kwa uzito wako wote. Usifunue kila mara kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Jeraha likiwa refu kwenda ndani, pajani au kwapani, lishindilie kitambaa mpaka lijae, kisha kandamiza. Lakini usishindilie kitu ndani ya kifua wala tumbo. Ikiwa ni mkono au mguu na damu imekataa kuzuilika, funga utepe mpana wa nguo juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, si juu ya kiungo kinachokunjika. Pitisha kijiti, kisokote mpaka damu ikome, ukifunge hapo. Iandike saa uliyofunga, wala usilegeze mpaka umkabidhi daktari. Zamani watu walitahadharishwa sana na kufunga namna hii, lakini vita vya Iraki na Afghanistani vimewathibitishia matabibu kwamba kunaokoa maisha kukifanywa mapema. Kisu au chuma kilichokita mwilini kisichomolewe.

Tatu, tazama pumzi. Inua taya la majeruhi kwa vidole, utoe kinachoonekana mdomoni. Akiwa anapumua lakini hana fahamu, mgeuzeni ubavu watu wawili au watatu, kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda pamoja kama gogo moja, ili uti wa mgongo usijeruhiwe na matapishi yasimsonge.

Nne, akiwa haitiki wala hapumui, au anatweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini, jueni kwamba huko si kupumua. Mtu mmoja aendelee kuizuia damu, na mwingine aweke kitako cha kiganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ajuaye kupuliza pumzi apulize 2 baada ya kila mikandamizo 30. Ukiwa peke yako na damu inaruka, anza na damu. Wala usiache kukandamiza kifua kwa kusema kwamba huyu ni majeruhi, si mgonjwa wa moyo, kwa kuwa huenda mkwezi aliyeanguka alianguka kwa sababu moyo wake ulisimama akiwa juu.

Tano, asipewe maji, chai wala soda, hata akilalamika kiu; kiu hiyo ni dalili ya kupungukiwa na damu, na atakachokinywa huenda kikamsonga au kikazuia upasuaji. Asimwagiwe sukari, kahawa wala mafuta ya taa katika jeraha. Asikalishwe juu ya pikipiki baina ya watu wawili; atafutiwe gari la kulala. Na afunikwe mwili ili asipate baridi, kwani baridi huizuia damu isigande. Mwili ndio wa kufunikwa. Uso uachwe wazi, muone rangi yake na pumzi yake.

Kumgusa asiye maharimu

Sasa tumjibu mama yetu. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Bi Fatima (R.A.) alikuwa akimwosha damu, na Sayyidna Ali (R.A.) akimimina maji kwa ngao. Bi Fatima alipoona kwamba maji yanazidisha damu, alichukua kipande cha jamvi, akakichoma mpaka kikawa jivu, akalibandika juu ya jeraha, na damu ikakoma. Tazameni alivyofanya. Hakulia akaacha. Aliangalia, akajua kwamba njia hii haifai, akabadilisha njia mpaka damu ikasimama. Wala asichukue mtu jivu leo akasema anafuata Sunna. Jivu lilikuwa nyenzo ya wakati wao, na kitambaa safi ndicho nyenzo yetu. Mafunzo yaliyobaki ni kwamba damu ya majeruhi haiachwi ikaenda.

Msomaji atasema kwamba huyo alikuwa babake. Naam, ni kweli. Basi na azingatie pia habari ya Bi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.), aliyeeleza kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) vitani, wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi na kuwarudisha Madina, na Bi Ummu Atiyya (R.A.), aliyetoka naye katika vita saba akiwauguza wagonjwa. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amefafanua kwamba tiba hiyo ni kwa maharimu na waume zao, na kwa asiye maharimu ngozi haiguswi ila mahali pa haja. Hivyo ndivyo zinavyokwenda kanuni mbili mashuhuri za fikihi: dharura huruhusu kilichokatazwa, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Akiwapo mwanamume anayejua na aliye tayari, yeye ndiye atamshughulikia mwanamume mwenzake, na mwanamke kwa mwanamke. Lakini mwanamume aliyesimama na simu mkononi hahesabiwi kuwa yupo. Wala wanaume wasiogope kumgusa dada aliyelala barabarani katika damu yake. Mzibeni jeraha, msitirini kwa leso, na macho yenu yaishie kwenye kazi.

Tena yupo anayejizuia kwa kuwa damu ni najisi na wakati wa Sala umekaribia. Najisi huoshwa, na nguo hubadilishwa. Ama Sala, Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameeleza kwamba kumwokoa anayezama kunatangulizwa juu ya kutekeleza Sala, kwa kuwa Sala aweza kuilipa baadaye na uhai uliopotea haulipiki. Ikiwa Sala husubiri, ni haya gani isiyosubiri?

Basi ewe mama yetu, jibu la suala lako la kwanza ni kwamba usingepata dhambi. Ungekuwa na ujira, na Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 32, imetufahamisha kwamba kuihuisha nafsi moja kuna uzito wa kuwahuisha watu wote. Kuhusu la pili, kumwokoa aliye katika hatari ni fardhi kifaya, na humgeukia fardhi ain ajuaye na awezaye pasipokuwa na mwingine. Wewe hukuwa umefundishwa, ulitaka kheri, na ulizuiwa. Tunakutarajia msamaha wa Mola wako. Usijibebeshe mauti ya kijana huyo, kwani ajali yake imo katika elimu ya Allah, na huenda hata ungemfunga asingeishi. Wenye kustahiki kujihisabu zaidi ni wale waliomzuia mwenye kutaka kusaidia, kisha wao wenyewe wasisaidie. Na tangu leo, kila aliyeyasoma haya hana tena udhuru wa kutojua.

Kuharakisha kunafuata yakini

Limebaki jambo la leso iliyofunika uso. Sisi watu wa mwambao tumelelewa kumstiri maiti na kumharakisha, na hilo ni jema, kwa sababu kumharakisha maiti ni katika Sunna. Lakini kuharakisha kunakuja baada ya yakini. Vitabu vya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu huku, vimetahadharisha kuhusu aliyekufa ghafla kwa kuanguka, kuzama au mfano wake, kwamba asubiriwe mpaka mauti yahakikike. Mafakihi waliyasema haya karne nyingi kabla ya mashine za hospitali, kwa kuwa walijua kwamba mtu aliyepatwa na mshtuko huweza kuonekana maiti naye hajafa.

Neno "ameshakwisha" kwa hivyo ni neno zito. Likishatamkwa, anayekandamiza jeraha huachia, aliyekwenda kutafuta gari hupunguza mwendo, na dakika zilizobaki za ndugu yetu zinapotea katika mazungumzo. Asilitamke asiye na elimu yake. Kusema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un" kunafaa katika kila msiba, hata mtu angali hai, maadamu ulimi unasema na mikono inafanya kazi.

Kwa upande wa pili, kazi hii ina mwisho. Madaktari wakishazishughulikia sababu zote na moyo usirudi, watasema basi. Nimewaona watu wa nyumbani wakiwashika madaktari mikono, na nimewasikia wengine wakisema kwamba wameuliwa mtu wao. Jumuiya ya Kimataifa ya Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliamua kwamba mtu huhukumiwa amekufa moyo wake na pumzi zake zikisimama kabisa na madaktari wakahukumu kwamba hazirudi, au kazi zote za ubongo wake zikisimama kabisa na madaktari mabingwa wakahukumu hivyo. Pia Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudia, mwaka 1409 Hijria, iliruhusu kuacha kutumia mashine za kumrejeshea mtu uhai pale madaktari watatu mahiri na waaminifu wanapoona kwamba hazina faida kwake. Kwa hivyo familia inayokubali neno la madaktari waaminifu haijamwua mtu wake. Imemkabidhi kwa Mwenyewe baada ya kufanya lililo juu yake. Na anayeuliza kama juhudi yote hii ni kushindana na kadari, amkumbuke Sayyidna Umar (R.A.), ambaye alipoacha kuingia Shamu kwa ajili ya tauni alifahamisha kwamba kuondoka katika hatari nako kumo katika kadari ya Allah. Kadari ya jeraha ni ya Mungu, na kadari ya leso iliyofungwa kwa nguvu nayo ni ya Mungu.

Tufanye nini wiki hii

Elimu isiyofuatwa na amali ni mzigo. Nawaomba akina mama na wazee wa nyumba mambo manne.

La kwanza, kila nyumba iweke karibu na mlango mfuko wenye leso mbili safi, glavu, mkasi, kalamu na kijiti kigumu cha urefu wa kiganja, na nambari 999 na 112 ziandikwe ukutani, pamoja na nambari ya jirani mwenye gari ambaye amekubali kuamshwa usiku.

La pili, vikundi vya akina mama na kamati za madrasa ziwaite wakufunzi wa Msalaba Mwekundu au wa St John, ambao hufundisha huduma ya kwanza, wake kwa wake na waume kwa waume. Kuyasoma haya gazetini si sawa na kuyafanya kwa mikono mbele ya mwalimu. Vijana wa bodaboda wawe wa kwanza kualikwa, kwani wao ndio wanaoanguka, na ndio wanaofika mwanzo mwenzao akianguka.

La tatu, toeni damu. Tumeona kwamba kisima kikikauka pampu haina kazi, na damu haitengenezwi kiwandani; haina pa kutoka ila katika mkono wa mwanadamu. Anayetoa hutoa kiasi cha mililita 450. Hapa Kenya hukubaliwa mwenye afya aliye baina ya miaka 16 na 65 na mwenye uzito usiopungua kilo 50. Mjamzito hatoi. Familia zinazoanza kutafuta watoaji baada ya mtu wao kuingizwa chumba cha upasuaji zimechelewa. Damu itakayomfaa ni ile iliyokwisha kutolewa, ikapimwa na kuhifadhiwa kabla yeye hajaumia.

La nne, zijueni haki zenu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imelitilia mkazo jambo hilo. Majeruhi asirudishwe mlangoni kwa sababu ya pesa za amana. Anayeelezwa hivyo aitaje sheria kwa adabu na kwa uthabiti, na asiondoke.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye majeruhi wetu, awalipe kheri matabibu na wauguzi wanaokesha, na aijaalie mikono yetu iwe sababu ya uhai wa waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.